Dawa Kwanza, Kisha Machozi

Bibi yangu, mke wangu mkongwe,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Ami, mwanao, huko kwake Kizimkazi, na najua atataka kuruka mistari. Ami, usiruke. Barua hii nshawasomea Mpendae nzima, ukiruka watakuuliza.

Nasikia matone yako ya presha ya macho yamefungiwa kabatini. Ami kakwambia hayafai kitu kwa sababu ya kulia kwako, na kama unataka jicho lililobaki lisizimike, ukome kumlilia babu. Mimi nakataa. Kidato cha pili nilivuka kwa kusukumwa, lakini hili nnalijua kuliko yeye na miwani yake.

Unakumbuka ulipokuwa kwenye eda ya babu? Nakutia tone, mtu anapiga hodi kuja kukupa pole, unaangua kilio upya, dawa yote shavuni. Siku nyengine inakaa kidogo, halafu unakunja uso. "Chungu, mume wangu. Imeshafika kooni, inafanya kazi." Nami, daktari wa kujipachika, nafurahi, nakutilia jengine juu yake.

Eda ilipokwisha nikakupeleka kliniki mjini. Yule nesi alitusikiliza, akacheka mpaka akakaa. Akatwambia jicho lina kitundu kwenye pembe ya puani, machozi yanapita hapo kuteremka puani na kooni, na dawa inafuata njia hiyo hiyo. Ule uchungu ulikuwa dawa inakukimbia. Na tone la pili, likitiwa papo hapo, linalisukuma la kwanza nje.

Tukapata njia yetu. Ukishatoa salamu ya alasiri nakutia tone moja, unafumba macho, kidole kinabana ile pembe, mkono wa pili unavuta tasbihi. Mpaka tasbihi iishe, haingii mtu. Majirani waliniita bawabu wa Sultani. Niliwajibu mke wangu ana shughuli, wakae barazani. Ukimaliza, unamlilia babu kwa raha zako. Tuliporudi kliniki, presha ilikuwa imeshuka. Nesi hakucheka tena.

Halafu Ami akaja kukuchukua, eti wageni wa mjini wanakuliza.

Bibi, mimi naogopa, na kipande hiki Mpendae sikuwasomea. Jicho lile ndilo linalonijua nikiwa bado mlangoni, kabla sijafungua mdomo. Silitoi.

Ijumaa nnakuja. Ami akifunga mlango wa mbele, ntapitia jikoni, na mkewe atanipa na chai. Matone yatatoka kabatini. Wala usikubali kuambiwa machozi ni adui. Yana wakati wake tu. Ukishavuta tasbihi yote, nipe nafasi hapo mkekani, tulie pamoja. Mtaani nnajifanya jabali, lakini babu sijamlilia bado, na sitaki kuanza peke yangu.

Mumeo mdogo,
mjukuu wako wa Mpendae