Quad ya Bagonjwa, Haiko ya Cortège

Yenga, mangaribi. Kimemi, Butembo.

Mvua inanyesha tangu asubuhi na bado haichoke. Mikono yangu iko na mafuta nyeusi mpaka ndani ya makucha, na leo ni siku ya Mungu, siku yenye mutu wa kanisa yetu hapashwi kushika hata clé ya kufungua boulon. Nimeshika. Acha niandike kabla sijapoa, sababu nikipoa nitaanza kubahurumia batu ya kanisa.

Mwaka huu kanisa yetu ya Kalunguta ilinunua quad, ile moto, pikipiki ya mapine ine, juu ya kupandisha bagonjwa. Batu benye kukaa chini mu bonde, bakigonjwa, vijana banababeba mu kipoyi, kitanda ya miti ku mabega, kilima yote mpaka ku barabara. Mi nilizaliwa kule, na kazi yangu ni mécanicien huku Butembo. Basi comité ilinituma kuchagua.

Nilichagua quad ya sport. Batu balishangaa, maana ile kubwa ya kubeba mizigo ilikuwa pale pale mu parcelle, kiwanja ya muuzaji. Lakini nilipima upana yake na kamba: haiwezi kupita katikati ya mashamba ya kahawa, kwetu njia ni ya miguu na mbuzi. Sport ni nyembamba, ni nyepesi, ikikwama mu matope batu babili banaivuta. Amortisseurs yake ya kumeza mashimo ni laini, mugonjwa hatarukarukishwa. Shida yake ni moja tu: fabrique iliitengeneza juu ya mbio, na sisi tunatafuta nguvu ya kupanda.

Basi niliibadilisha. Mbele niliweka pignon ndogo, ile gurudumu ya meno yenye kuvuta munyororo, nyuma mwenzake, couronne kubwa ya meno mengi. Mutu mwenye alisha kupanda kinga, baiskeli, anajua hiyo ni nini: unaenda polepole, lakini kilima inakubali. Niliweka mapine ya meno marefu, nikapunguza pumuzi ndani. Nikainua mudomo ya filtre ya hewa isinywe maji. Nyuma nikafunga brancard, kitanda ya mugonjwa, ku mapine mbili ya moto. Tuliijaribu na mifuko mbili ya viazi mu brancard, na Katembo, dereva yetu, ku guidon. Ilipanda kilima yote na vitesse ya kwanza bila kuzima. Nililia, nakubali.

Kisha ikafika siku ya kuipokea.

Kwetu kitu mupya haiingie kimya. Motards, madereva ya moto, balikuja kama ku harusi, klaxon, majani ku guidon, na Papa Kambale, président ya comité, akakaa nyuma ya Katembo na costume ya kijivu. Quad ipite mbele, moto zote zifuate, vile njo cortège inafanyika. Lakini ile kipande ya barabara ni sawasawa, haina kilima, na motards habana subira. Moja akaipita, wa pili akaipita, kisha bote. Président yetu alifika ku kanisa wa mwisho, costume yake rangi ya vumbi, na bamama ya chorale balikuwa basha maliza wimbo ya kumupokea.

Batu balicheka. Hata mi nilicheka. Nilipashwa kufunga kinywa.

Siku mbili kisha, Papa Kambale akanipigia simu. « Kahindo, binti yangu, umeua machine ya kanisa. Ilitoka fabrique na mbio, we umetoa mbio umeweka wapi? Rudisha pignon yetu. » Yetu, kama vile niliiba. Nikamwambia: « Papa, haiko mbio njo tunatafuta. » Akajibu: « Hapana kunifundisha. » Kisha akapakia quad mu camion, akaipeleka Beni kwa fundi mwingine arudishe meno ya fabrique.

Na ile pignon ya fabrique, ni mi nilimupa. Niliipangusa, nikaipaka graisse, nikaifunga mu karatasi pamoja na couronne yake. Nilijua itafika nini ku kilima. Nilinyamaza sababu mwanamuke mwenye kushika clé, batu basha sema ako na kiburi, na nilichoka kusikia ile neno.

Njo aibu yangu.

Siku ya ine ya juma hii, mimba ya Masika, muke ya kaka yangu, ilianza kumuuma. Anakaa chini kabisa mu bonde. Katembo akashuka na quad, bakamulaza mu brancard, bakaanza kupanda. Kufika ku matope, moteur ikazima. Akawasha, ikazima. Akalazimisha embrayage mpaka moshi ikatoka, na Masika nyuma anashika brancard na mikono mbili, anaita mama yake mwenye alisha kufa. Mwishowe vijana bakakata miti, bakafunga kipoyi, bakamubeba vile batu ya zamani balibebwa. Mutoto alizaliwa katikati ya njia, mu kahawa ya batu, mu mvua. Mutoto ni muzima. Mama yake alitoka damu sana, mpaka leo hawezi kusimama.

Asubuhi nilipita ku centre de santé kumuona. Midomo yake imekuwa nyeupe. Akaniuliza polepole: « Dada Kahindo, ile machine si ulisema itapanda? »

Nilimufunika vizuri, nikaenda ku kanisa. Na pale Papa Kambale akasimama kutoa shukrani. Akasema Mungu alitupatia machine, na kama haingekuwa ile machine, dada yetu Masika angekufa. Kanisa yote ikapiga makofi. Vijana benye balimubeba balikuwa ku banc ya nyuma, mabega imevimba, nabo bakapiga makofi. Hakuna hata mumoja alifungua kinywa. Kama mi tu, siku ile ya simu.

Nilitoka kabla ya baraka ya mwisho. Katembo akanipa ufunguo ya quad bila kuuliza kitu. Alikuwa amechunga meno yangu, pignon na couronne yenye fundi wa Beni alitoa, mu sachet, chini ya kitanda yake. Akashika parapluie juu yangu mu kiwanja yake, nikarudishia pignon ndogo na couronne kubwa. Kisha yeye akalala mu brancard, mi ku guidon, tukashuka mu bonde, tukapanda. Ilipanda ile fasi ya matope bila kuzima hata mara moja. Badala ya kufurahi, hasira ikanipanda zaidi.

Ile pignon ya mbio nilikuja nayo mu sac mpaka huku. Nimeifunga mu étau ya kubana chuma, nikawasha meule ya kunoa, nikasaga meno yake moja moja mpaka ikabaki duara tupu. Hata ule fundi wa Beni hataweza kuirudisha.

Ni kitu ya kanisa, najua. Kesho Papa Kambale ataita comité. Batanitoa mu comité, na labda batanikataza meza ya Bwana. Nitaenda. Nitaanza na kosa yangu, vile nilinyamaza na kupaka pignon graisse. Kisha nitaomba vijana ya kipoyi basimame, batoe mashati, baonyeshe mabega.

Papa Kambale aangalie ile mabega mbele ya batu bote, kisha anifukuze kama anaweza.