Beringi ya Mama Zuhura

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote wazima, na bibi yako amerudia maandazi yake ingawa daktari alimkanya.

Unauliza kama si kupoteza muda kusoma miezi mitatu habari za protini moja ya kimelea cha malaria, kabla hujajaribu dawa hata moja.

Ujanani nikiuza vipuri Kariakoo, Mama Zuhura, mwenye mashine ya kusaga nafaka huko Buguruni, aliniletea beringi iliyovunjika, ile pete ya chuma yenye gololi ndani. Nikampa mpya, saizi ileile. Wiki haikuisha, akarudi nayo imevunjika. Nikampa nyingine, imara zaidi. Mara ya tatu akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Mwanangu, beringi unaijua. Mashine yangu huijui."

Nikafunga duka nikamfuata. Kumbe shafti, chuma kinachozunguka ndani ya beringi, ilikuwa imepinda. Hakuna beringi ambayo ingedumu pale.

Kwa hiyo soma, mama. Hakikisha kwanza kwamba bila protini hiyo kimelea hakiishi; la sivyo, dawa yoyote ya kuizuia itakuwa bure. Mimi nilikuwa na duka zima la beringi nzuri, na jirani zake Mama Zuhura walikuwa hawana unga.

Babu yako,
Salum