Nilivyotolewa Kwenye Utafiti Wangu Mwenyewe

Chumba Na. 14,
Jengo la Maabara, ghorofa ya tatu.
9 Juni

Mpendwa dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na watoto hawajambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama kufua? Kaka yetu anaendeleaje, anakula? Mimi ni mzima. Basi, hilo nimeliandika kwa mazoea tu, endelea kusoma.

Watu bado huniuliza nafanya kazi gani, nami bado najiumauma. Napima kemikali ambazo ubongo hutumia kupelekeana habari, hasa ile iitwayo serotonini, nione inakuwaje kwa mtu aliyezidiwa na huzuni mpaka akashindwa hata kuoga. Wewe unajua nilikoanzia. Ni ule mwaka kaka alipolala ameugeukia ukuta miezi mitatu. Majirani wakasema anadeka, wewe ukamlisha kwa kijiko, na mimi nikakuchosha kwa maswali hadi ukanibandika jina la Bibi Maswali. Mwaka wa ishirini na sita huu nauliza swali lile lile, na jibu nililo nalo halijazi hata ukurasa.

Maabara imepungua watu. Mwenzangu wa meza ya pili alistaafu, na kiti chake nimekipangia mafaili kisionekane kitupu. Jokofu kubwa la sampuli hunguruma kutwa nzima. Juzi nilijikuta nikiliaga wakati wa kutoka. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Sasa nikupe lililonipata. Katika utafiti wetu, damu ya wagonjwa hulinganishwa na damu ya watu wenye afya. Hao wenye afya ni shida kuwapata, maana nani anapenda sindano ya bure? Kwa hiyo tangu mwanzo nimekuwa nikitoa damu yangu mwenyewe. Mimi ni namba thelathini na moja. Kila mwaka namba zote lazima zijibu maswali, ijulikane kama bado ni wazima. Yangu nilikuwa najijazia mwenyewe chapuchapu, huku nakunywa chai. Angefanya hivyo mtu mwingine, ningemfokea mpaka akome.

Mwaka huu tumeletewa nesi mpya, mama asiye na mchezo. Alinikalisha kama mtu mwingine yeyote, akanisomea maswali niliyoyatunga mwenyewe. Unalala vizuri? Chakula kina ladha? Nilijibu, na kila nilipojibu kalamu yake ilitia alama. Tukafika swali la kumi na tisa.

"Una mtu unayemwambia yaliyo moyoni?"

"Ninaye. Dada yangu."

"Mara ya mwisho ulimwambia lini?"

Dada, hilo la pili halimo kwenye karatasi. Amelichomeka yeye. Akanisogezea kitambaa nifute macho.

Alijumlisha alama, akaniondoa. Namba thelathini na moja haihesabiwi tena miongoni mwa wazima. Amenipangia kumwona daktari Alhamisi, na nitakwenda, usiwe na wasiwasi.

Nina upweke, dada. Miaka yote hii nimekuandikia barua zinazosema mimi mzima, zote za uongo kidogo kidogo. Na kaka yetu nimemtafuta kwenye damu za watu wengine, wakati simu ipo mezani. Naona kama na mimi niligeukia ukuta, ila nilikuwa nimesimama, nimevaa koti jeupe, ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na shangazi. Kaka mwambie sitaki kumpima chochote. Nataka tu kumuuliza ilikuwaje kwake ulipokuwa unakaa pale kitandani na kijiko chako, hasemi neno nawe huondoki. Mungu akutunzie hiyo mikono.

Kando ya swali la kumi na tisa nesi ameacha nafasi wazi, anasubiri tarehe. Nikishafunga bahasha hii nitashuka nimwambie aandike tarehe tisa Juni.

Mdogo wako akupendaye na anayekukumbuka sana,
Bibi Maswali