Mstari Uliosema Kipimo ni Kizima

Nyar Rangwe, mke wangu mbishi,

Najua umeninunia kwa kukuzika na lile gauni la kijani usilolipenda. Vumilia. Mimi pia nimenuna, na yangu ni makubwa.

Nimetoka Homa Bay. Nilibeba vile vipimo vya malaria vilivyobaki, ulivyokuwa ukipimia kijiji kama mhudumu wa afya, nikamwonyesha kijana wa maabara. Akanusa moshi. "Mzee, hivi vilikaa wapi?" Nikamwambia: darini, juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Si ndivyo mama yako alivyokufundisha, kitu cha thamani kisipate unyevu? Kijana akashika kichwa.

Akanieleza, na mimi wa darasa la nne nikaelewa. Kwenye ile karatasi ya ndani ya kipimo wamebandika vitu vidogo sana, antibodi, vya kukamata alama ya malaria kwenye damu. Lazima vishike karatasi vizuri, lakini mikono ibaki wazi. Joto likizidi, vingine vinabanduka, vingine vinajikunja palepale. Vipo, ila havikamati kitu, na mstari wa malaria hautokei. Kama wajomba zako kwenye matanga, pombe ya chang'aa ikishapita.

Hayo ningesamehe. Lakini ule mstari mwingine, unaosema kipimo ni kizima? Huo una antibodi zake, sugu, moto haukuziweza. Ukajichora vizuri kabisa! Kingenyamaza chote ungekitupa. Kumbe kilituapia kiko kazini na kimeshakufa. Msaliti.

Na wewe je? Ulitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nikasema twende hospitali. Ukaniwekea kile kimstari kimoja puani: "Baba Atieno, soma. Sina malaria. Wacha kelele." Miaka yote nimelala ubavuni mwako, ukaamini karatasi kuliko mimi! Tulipofika hospitali, darubini iliona wadudu wamejaa, na wewe... basi.

Juzi mhudumu mpya alikuja kupima watu. Nikamfukuza na vipimo vyake, maskini akaondoka akilia. Usiku haukuisha nikaona aibu, maana ni kazi yako anafanya. Nimemwomba arudi. Vipimo vyake viko kabatini, chumba chenye baridi. Nimekagua mwenyewe kama polisi.

Lala sasa, mama. Homa ikinishika nitapimwa. Kipimo kikisema sina na bado natetemeka, naenda hospitali siku hiyohiyo, hata kwa machela. Mimi nitakufuata kwa uzee tu, nikiwa nimechelewa sana, na unifokee hapo mlangoni mpaka uchoke.

Baba Atieno