Uchungu Chini ya Ukucha

Hodan mjukuu wangu,

Assalaamu alaykum kutoka Garissa. Mama yako ni mzima, mvua imenyesha, mbuzi wamezaa.

Katika barua yako umeniuliza daktari atajuaje uchungu usioonekana. Wallahi, umemuuliza mtu mwenyewe! Siku za vita vya shifta, hakuna kijana wa Tana aliyenishinda nguvu. Basi kidole cha shahada kikaanza kuniuma, bila kidonda wala uvimbe, hata kukamua ngamia nikashindwa. Wazee walinichoma moto kiwikoni kuufukuza uchungu. Ulipokataa kutoka, wakasema kidole kikatwe. Baba akawaomba ruhusa askari waliozuia watu kusafiri, akanipeleka hospitali.

Daktari akaniuliza, "Kinauma zaidi wakati gani?"

"Alfajiri nikitawadha. Maji baridi yakikigusa, naona nyota."

"Mvivu wa swala huyu," baba akasema.

Daktari hakucheka. Alishika pini, akabonyeza ukucha polepole kwa kichwa cha pini, hapa na hapa. Alipofika mahali pamoja niliruka, nusura nitoboe mabati!

"Basi ni hapo. Kuna kitu kimejificha. Kidole hakikatwi."

Akanidunga ganzi, akainua ukucha, akatoa kinyama chekundu kama punje ya mtama.

Kidonda kilipopona nilinawa maji baridi alfajiri, nikaenda kukamua. Wazee wakanicheka: "Haya Gedi, unayefukuza simba kwa fimbo, kumbe punje ilikushinda?"

"Simba haingii chini ya ukucha," nikawajibu, na maziwa yakazidi kujaa.

Ni mimi mjomba wa mama yako,
Gedi