Waulize Wateja

Ruangwa, 18 Juni 2024

Kaka Harithi,

Assalaam alaikum. Hujambo wewe, wifi Amna na watoto? Mimi mzima, ila usingizi sina. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatia nikitaja redio tu.

Kaka, tangu tangazo la duka letu lianze, magodoro yanatoka hadi nakosa pa kushika. Nataka tulipie mwaka mzima. Hela sina, na wewe huna. Lipo shamba la mikorosho la marehemu mama kule Ruponda. Tuliuze. Usinune kwanza, fikiria.

Mdogo wako,
Zulfa

Nachingwea, 24 Juni

Mdogo wangu Zulfa,

Waalaikum salaam. Wazima sisi, isipokuwa Amna mafua yanamsumbua. Na nimenuna.

Hizo ni hela za ufuta, Zulfa. Msimu huu hata duka la bubu linauza. Utajuaje kama mtu kaletwa na redio au na ufuta wake? Mikorosho ile mama aliipanda kwa mkono wake, na ndiyo inayosomesha wanangu. Waulize wateja, kila anayenunua: umesikia tangazo? Ukinipa jibu la kweli, tutaongea.

Kaka yako,
Harithi

Ruangwa, 27 Julai

Kaka,

Salaam nyingi. Wifi kapona? Nimeuliza kama ulivyosema, mpaka wengine wananiona nimechanganyikiwa. Karibu wote wanasema ndiyo, wamesikia! Jirani yangu Mama Sikuzani kanunua godoro juzi, akasema sauti yangu redioni ni tamu kweli.

Sasa unataka nini tena? Kuna duka jipya karibu na stendi, nalo limeanza kujitangaza. Nahangaika hapa kama kuku anayetaka kutaga. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Zulfa

Ruangwa, 8 Agosti

Kaka, usiuze!

Nisamehe naanza bila salamu. Napiga simu tangu alfajiri, hupatikani. Wifi kasema umekwenda Ruponda kuuza shamba. Barua hii nampa Rashidy wa bodaboda akutafute huko huko.

Jana nilikwenda redioni kuulizia bei ya mwaka mzima. Stefano, kijana wa mapokezi, akaniambia tangazo langu lilikoma mwanzoni mwa Julai, malipo yalipoisha. Mimi redio sisikilizi, nashinda na wateja. Kaka, tangazo halipo, na watu wananiambia wamelisikia jana! Nikamfuata Mama Sikuzani. Akacheka: "Mwanangu, uliuliza kwa hamu vile, ningekuvunja moyo?" Wengine walidhani anayesema ndiyo anapunguziwa bei.

Ulikuwa ufuta, kaka. Naogopa. Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako,
Zulfa

Ruponda, 8 Agosti

Mdogo wangu Zulfa,

Assalaam alaikum. Natumaini umeamka salama. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Huku mtandao hakuna, kwa hiyo barua hii atakuletea Halfani wa fuso, anakuja Ruangwa mchana huu.

Nimeuza. Tumeandikishana asubuhi hii mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mnunuzi, bwana Kaimu, anataka kufyatua tofali pale, hivyo vijana wake wameshaanza kukata. Naandika huku nasikia msumeno. Machozi yamenitoka, sikufichi.

Amna alinizuia mpaka natoka mlangoni. Aliniuliza nina hakika gani. Nikamwambia, watu wote wale wamdanganye Zulfa wapate nini?

Hela nitakuja nazo kesho. Kalipie mwaka mzima.

Kaka yako,
Harithi