Kibuyu cha Mbegu

Saboti,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mama yangu Jepkosgei, huko Bungoma kwa dada yangu Lorna,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, kwa maana ni nyingi na zina uzito. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka ama bado? Na uji unakaa tumboni sasa? Ukiuliza juu yangu, mimi ni mzima kama ng'ombe wa kupelekwa shoo ya Kitale.

Lorna, soma hapa kwa sauti hata majirani wasikie. Mama, katika Trans-Nzoia nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mwanao. Nikitema mbegu ya papai mlangoni, kesho yake naruka mti nikienda kukojoa. Mkono wangu ukigusa udongo, udongo unasema asante. Kuna watu wamesoma kilimo mpaka wakavaa kofia za mraba, na mboga zao za saga zimekonda kama miguu ya kuku. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, nikafika Kampala na Juba kwa lori, ndiye Mungu alinichagulia bahati ya mimea. Nisijisifu sana, lakini nitafanya nini na ukweli?

Najua simu ziko. Lakini ni wewe ulisema maneno ya simu yanaisha mtu akikata, ya barua yanalala chini ya mto. Kwa hivyo barua hii nimempa Wakiuru wa vitunguu, anayekwenda soko la Bungoma kesho. Nimemwambia akiipoteza nitamuoa, akaapa ataishika kwa mikono miwili.

Mama, Lorna alinipigia Jumapili baada ya kanisa. Alinieleza vile daktari alisema, ati mwili wako umebakisha safari moja tu, na uchague vizuri. Akasema hukufikiria hata dakika. Ulisema Jumamosi uletwe hapa Saboti, uketi kwa kigoda chako kati ya maua yako ya dalia na saga, unuse udongo wako, uchume majani machache kwa vidole vyako, halafu urudi ulale ukiwa umeridhika. Nilimjibu Lorna ni sawa kabisa. Hata nilicheka, nikasema nitaambia dalia zioge na kuvaa vizuri. Nilipokata simu nilikaa chini karibu na ukuta wa jikoni mpaka kuku wakaanza kutembea juu ya miguu yangu.

Unakumbuka vile nilirudi kutoka kwa malori? Nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, begi moja, na tumbo. Nilidhani utaniuliza nimeleta nini. Hukuuliza. Ulinipa jembe ukaniambia nikuandalie tuta moja, kutoka ukuta wa jikoni mpaka ua wa mikaratusi. Nilinung'unika ati mtu aliyevuka mpaka wa Nimule hawezi kupanda kunde kama bibi. Wewe ukaendelea kunionyesha: saga inachumwa ncha ili itoe matawi, dalia inamwagiwa maji shinani wala si usoni, malenge yanataka kukaa karibu na jaa kwa sababu hayana haya.

Mimi nilikuja kuipenda ile bustani, Mama, na hili si la kuchekesha. Mboga zangu za kwanza za managu zilipotoka nilizunguka Saboti senta nzima nikiwaambia wanaume waje waone. Gachanja jirani yetu alinicheka sana. Alisema ati sasa Kipkemei anamwagilia maua maji huku akiyaimbia, bado tu kufungwa kitambaa kichwani. Nikamwambia yeye atabaki na mahindi yake, mahindi hayajui hata kunukia. Lakini asubuhi, umande ukiwa bado kwa majani ya malenge, na dalia zako zimefunguka kama sahani, nyekundu na zambarau, nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai mpaka chai inapoa. Mahali pote nimefika, sijawahi kusimama namna hiyo.

Halafu ile siku ya Januari ulipokuwa unaondoka kwenda kwa Lorna kutibiwa, ulinipeleka jikoni ukashusha kile kibuyu kinachoning'inia juu ya mafiga. Uliushika mkono wangu ukauingiza ndani kwa majivu ili nizihisi mbegu. Ukaniambia hizi ni saga na kunde za mama yako kutoka juu mlimani, na yeye alipewa na mama yake. Ukasema nipande vile nataka, lakini kibuyu kisiwahi kubaki kitupu. Mwaka uwe wa njaa, uwe wa mvua ya mawe, konzi moja inabaki ndani. Niliapa. Hata nilikukasirikia kidogo ati unaniona mtoto.

Sasa juu ya Jumamosi. Nilikuwa nataka kukwambia barabara ya kutoka Kitale imekuwa matope mpaka trekta zinalia. Nilikuwa nataka kukwambia choo kimebomoka, na kwamba yule ng'ombe mweusi amekuwa mkali hataki wageni. Niliandika hayo yote kwa karatasi nyingine jana. Nimeichoma. Barabara ni nzuri, choo kiko, na ng'ombe huyo hawezi kumpiga hata nzi.

Lorna, hapa soma pole pole. Usiruke mstari hata mmoja, na usimfiche Mama. Kama anakunywa chai, ngoja amalize.

Mama, ilikuwa mwezi wa tano. Wale wadudu weusi wadogo waliingia kwa kunde na saga. Wewe ungewamwagia majivu na maji ya sabuni, asubuhi kwa asubuhi, wiki mbili. Mimi niliona hiyo ni kazi ya watu wasio na haraka. Nilinunua dawa ya wadudu, nikaenda kwa Gachanja kuazima pampu ya mgongoni. Alikuwa ametoka kunyunyizia mahindi yake dawa ya kuua magugu. Alinishika bega akaniambia niioshe mara tatu na sabuni, mpaka na ule mdomo wake, kwa sababu ile dawa haina mchezo. Aliyarudia maneno hayo tena nikiwa nimefika kwa geti. Mimi nikamjibu, watu wakisikia, kwamba nimefungua injini za lori katikati ya jangwa, kwa hivyo asinifundishe pampu. Nikaisuuza na maji mara moja. Mara moja, Mama. Nikainyunyizia bustani yote, na kwa sababu mimi ni mtu wa roho kubwa nikazipa dalia mara mbili.

Siku ya tatu majani yalianza kujikunja kama vidole vya mtu mzee. Dalia zikainamisha shingo. Wiki ya pili managu, kunde, saga, malenge, mawaridi ya mlangoni, yote yalikuwa yamelala chini. Nyasi pekee ndizo zilibaki, kwa maana dawa ile haina ugomvi na mahindi wala nyasi. Nilizing'oa nikilia kwa hasira. Nilichimba dalia nikiomba viazi vyake viwe vizima huko chini. Vilikuwa vimekuwa ute.

Hapo ningesimama nikupigie. Sikusimama. Nilisema nitapanda tena yote, mbegu ziote haraka, na wewe hutajua. Nilishusha kibuyu. Nilichukua konzi ya kwanza, ya pili, halafu nikakigeuza juu chini nikakipiga matako mpaka majivu ya mwisho yakatoka. Nilizimwaga mbegu zote kwa udongo ule ule wenye sumu. Zilitoka chache, za manjano, zimepinda, zikafa kabla ya jani la tatu. Kibuyu nimekirudisha juu ya mafiga. Nikikitikisa hakisemi kitu.

Nilipanda mlimani kwa watu wa mama yako. Shangazi Chesang, ambaye sasa haoni vizuri, alinikaribisha maziwa, akanisikiliza. Akaniambia wao wananunua mbegu za pakiti Kitale tangu zamani. Akasema wote walikuwa wanajua zile za zamani ziko kwa Jepkosgei, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuziweka.

Na zile mboga nimekuwa nikikutumia na Wakiuru tangu Juni, Mama, nazipata soko la Kitale, kwa mama mmoja anayeuza karibu na stendi. Zile dalia tatu nilizofunga kwa gazeti lenye maji ni za Wangui, bibi ya Gachanja. Alinikatia bila kuniuliza neno, lakini hakuniangalia usoni. Lorna alinieleza vile ulitafuna saga ukafunga macho, ukasema huu ni udongo wako, huwezi kudanganywa, na ukamaliza sahani nzima mara ya kwanza kwa mwezi mzima. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi nikatuma fungu lingine. Sikujua kila fungu lilikuwa linakuita uje.

Sasa safari ni moja, na unataka kuipoteza hapa. Usije kwa ajili ya bustani. Haiko. Ukiwa na mahali pengine moyo unataka kwenda, mwambie Lorna akupeleke huko Jumamosi, nami nitakuja huko nikubebe. Ukisema bado ni hapa, nimelima mahali pote, pamekuwa peusi na safi, na kigoda chako nimekiosha. Lakini ujue utaona udongo mtupu. Gachanja ananiambia mvua za mwaka huu zitaosha sumu, na mwaka ujao nitapanda vizuri. Alisema kwa wema. Mwaka ujao, Mama.

Sikuombi unisamehe kwa barua, kwa sababu najua utanisamehe haraka, na hiyo ndiyo itanimaliza. Nilitaka tu usishuke kwa gari ukiwa umetabasamu.

Msalimie Lorna na bwana yake, na watoto wote wa hapo. Kuku wako bado ni saba, hao ni kweli, unaweza kumuuliza Wakiuru. Lala ukiinua miguu vile daktari alisema.

Ni mimi mwanao, yule aliyesema pale juu kwamba ana bahati ya mkono kuliko watu wote wa Trans-Nzoia. Nilikuwa nadanganya. Hakuna kitu kimeota.

Kipkemei